Simu ya Upepo ya Bugalwa

Zahanati ya Bugalwa,
S.L.P. Geita.
11 Septemba 1984

Kaka Telesphori,

Shikamoo. Naamini u mzima, pamoja na Mama Anisia na watoto. Sisi huku tunaamka na tunalala.

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye benchi la wagonjwa. Hakuna mgonjwa leo. Ziwa limechafuka na watu wa visiwani hawawezi kuvuka. Wanaougua wanaugulia hukohuko.

Juma lililopita tuliitiwa mama mmoja wa kisiwa cha Kisenye, anaitwa Eufrasia, uchungu ulikuwa umemshika na mtoto hashuki. Shemeji yako Gelasius akaenda kumchukua kwa boti ya zahanati. Mashine ikazima katikati ya maji wakati wa kurudi. Upepo ukawasukuma. Mimi nilikuwa ufukweni huku, glovu zimechemshwa, kitanda kimetandikwa, naangalia maji. Jua likazama sijui kama wamezama au wako hai au wamegeuza. Wavuvi waliwakuta kesho yake kwenye mafunjo, mbali sana na kwetu. Gelasius alikuwa amemfunika yule mama kwa shati lake. Mama alikuwa ameshakufa.

Kaka, ningejua walipo ningetuma mitumbwi. Wavuvi walikuwepo, wamekaa, wananiuliza waende upande gani.

Sasa Padre Kamili amepata wafadhili. Watatununulia simu za upepo mbili, zile ndogo za kushika mkononi wanazotumia watu wa meli, moja ikae zahanati na nyingine kwenye boti. Watatoa mara moja tu, hakuna ya pili. Ameniletea karatasi zenye picha ili nichague. Mimi naona vidude vyeusi vyenye mikia, vyote ndugu. Wewe ndiye unayeshinda na mitambo ya kuongea na ndege hapo Ibadakuli. Chagua wewe, Padre amekubali.

Ila fanya haraka. Usiniulize haraka ya nini.

Mdogo wako,
Melania


Kiwanja cha Ndege, Ibadakuli,
Shinyanga.
29 Septemba 1984

Mdogo wangu Melania,

Marahaba. Barua yako nimeisoma na kumsomea Mama Anisia, naye amelia kwa ajili ya yule mama. Mpe pole Gelasius. Najua mwanamume akishindwa kumfikisha mtu namna ile hukaa kimya akadhaniwa amesahau.

Kazi uliyonipa nimeipokea kwa mikono miwili, lakini huwezi kuchagua simu ya upepo kama unavyochagua khanga. Lazima nijue mambo. Kisiwa cha Kisenye kiko umbali gani, na je, ukisimama ufukweni unakiona chini kabisa kwenye mchanga wake, au unaona vilele vya miti tu? Usicheke. Sauti ya simu hizi huenda moja kwa moja kama jicho, haipindi. Ikikutana na mgongo wa maji inaishia hapo. Kwa hiyo swali lingine: mna mti mrefu au mlingoti wa kupandishia waya?

Zahanati ina umeme? Jenereta ya misheni bado inafanya kazi? Simu nyingine zina betri ya kuchaji, nyingine zinakula betri za mawe kama tochi. Na huyo Gelasius, akiwa ameshika usukani na mvua inanyesha, ataweza kubonyeza kitufe kidogo kama punje ya choroko?

Pia kuna kibali. Chombo cha kutangaza sauti hewani hakimilikiwi kienyeji, na siku hizi ukikutwa na kitu usichoweza kukieleza unaitwa mhujumu uchumi. Nitaandika Dar es Salaam mwenyewe.

Nijibu yote, moja moja.

Kaka yako,
Telesphori


Bugalwa, 14 Oktoba 1984

Kaka,

Shikamoo. Nakujibu kama ulivyotaka.

Kisenye tunaona miti tu, mchanga hatuuoni. Mlingoti hatuna ila kuna mnara wa kengele ya kanisa, na Padre anasema waya unaweza kupanda pale. Umeme hakuna. Jenereta ya misheni imekaa tangu dizeli ilipoadimika, kuku wanatagia ndani yake. Friji ya chanjo inatumia mafuta ya taa na hayo nayo nayaomba kama sadaka. Vidole vya Gelasius unavijua. Hawezi kufunga kifungo cha shati la mtoto.

Jana nimempoteza mwingine, msichana wa Kisenye, uzazi wake wa kwanza. Huyu hakuletwa kabisa. Ndugu zake walisubiri boti, sisi hatukujua kama wanasubiri.

Kaka, wewe ni mtu wa kupima kila kitu, na baba alikupenda kwa hilo. Lakini mwezi huu pima upesi.

Melania


Ibadakuli, 5 Novemba 1984

Melania mdogo wangu,

Nimepanda treni hadi Mwanza kwa ajili yako, nimesimama njia nzima kuanzia Malampaka. Nimemwona mfanyabiashara anayeagiza vyombo vya meli, mzee mmoja mpole wa karibu na bandari, amenitolea simu mezani nimezishika na kuzifungua.

Ziko za aina mbili. Ya kwanza ni kubwa, ina nguvu, wati tano. Sauti yake ingefika Kisenye na kupita. Lakini betri yake ni ya kuchaji, na haina kinga ya maji zaidi ya ngozi iliyoshonwa. Tone likipita kwenye kitufe, kwisha. Ya pili ni ndogo, wati moja tu. Inakula betri za mawe. Inakaa ndani ya mfuko mzito wa plastiki unaofungwa kwa bati, unabonyeza vitufe ukiwa nje ya mfuko, na ikiangukia majini inaelea. Niliitumbukiza kwenye ndoo ya mzee yule mbele yake, ikaibuka kama bata. Zote mbili zina ule mkondo wa kumi na sita ambao meli zote husikiliza, hata zile za mizigo zinazotoka Mwanza kwenda Bukoba.

Nguvu au kinga? Nimelala nalo jambo hili. Ya kwanza itasikika mbali lakini mtaichaji wapi, na maji yataiua. Ya pili haitakufa, lakini siku ya mawimbi, boti ikiwa bondeni kati ya wimbi na wimbi, wati moja ni kama mtu anayenong'ona sokoni.

Habari njema ni kwamba mzee ameagiza ya tatu kutoka Nairobi, yenye nguvu kama ile kubwa, betri za mawe, na mfuko wake. Itafika Januari. Kwa kuwa wafadhili wananunua mara moja tu, tusikimbilie pungufu. Tusubiri hiyo.

Kaka yako,
Telesphori


Bugalwa, 20 Novemba 1984

Kaka,

Nunua yoyote. Nunua inayonong'ona.

Unasema Januari kana kwamba Januari ni kesho. Mvua zimeanza, barabara ya Geita imekatika darajani, gari la wilaya halijaja tangu Watakatifu Wote. Njia yetu ya kwenda hospitali sasa ni maji peke yake. Kila nikisikia mashine ya boti inawashwa nabaki nimesimama na kitu mkononi, sijui nilikuwa nakipeleka wapi.

Sitaki bora. Nataka iliyopo.

Melania


Ibadakuli, 8 Desemba 1984

Melania,

Hukunisalimia, nami sikukasirika. Najua umechoka. Lakini nimefanya kazi ya redio nusu ya umri wangu, na nimeona watu waliopewa chombo hafifu wakakiamini, wakathubutu kwenda mahali ambapo bila chombo wasingekwenda. Huko ndiko kuna kifo. Boti isiyo na simu huogopa. Boti yenye simu mbovu haiogopi.

Kibali nacho hakijajibiwa. Hata ningenunua leo ingekaa kabatini. Vumilia hadi Januari. Nakuombea, na Mama Anisia anakutumia kipande cha kitenge, amempa mtu wa basi.

Kaka yako akupendaye,
Telesphori


Bugalwa, 17 Desemba 1984

Kwako shemeji Telesphori,

Mwangaluka. Ni mimi Gelasius, mume wa dada yako. Mimi si mtu wa kalamu, utanisamehe mwandiko. Padre Kamili amenipa karatasi, na barua hii ataipeleka yeye mwenyewe Mwanza kuiweka kwenye treni. Melania asijue kama nimekuandikia.

Shemeji, dada yako ni mjamzito. Alikataza mtu yeyote asikuambie. Anasema mara mbili alizokutangazia, mara mbili mlikuja kuzika mtoto ambaye hakulia, na safari hii hataki mtu aanze kufurahi. Mimi mwenyewe alinificha mpaka nilipoona. Sasa amefika miezi mitano na kitu.

Daktari wa Mwanza alishamwambia, baada ya yule wa pili, kwamba nyonga yake haipitishi mtoto aliyekomaa. Atazaa kwa kisu au hatazaa. Hapa kisu hakuna. Nilimwambia aende Mwanza akae kwa masista hadi siku yake. Akaniuliza, nikienda, nani atazalisha hawa? Wilaya imeahidi muuguzi wa kumshikia, tangu Oktoba wanaahidi. Mhudumu aliyepo ni Bartholomeo, anajua kufunga vidonda na kuandika majina.

Amekubali kwenda mwanzo wa Machi. Mimi ndiye nitakayempeleka, kwa boti ileile na mashine ileile. Yule mama Eufrasia alinishika mkono mpaka mwisho, shemeji. Alikuwa ananiuliza kama watu wa nchi kavu wanatuona. Nilimwambia ndiyo, wanatuona.

Wewe ni fundi na mimi ni mvuvi, sitakufundisha kazi. Lakini kama ipo inayosikika hata kidogo, ilete.

Wako,
Gelasius Maduhu


Ibadakuli, 2 Januari 1985

Shemeji Gelasius,

Anayekuletea barua hii anaitwa Makoye, jirani yangu, anakwenda machimboni Nyarugusu kutafuta dhahabu na amekubali kuzungukia kwenu kwanza. Katika mfuko wake wa unga kuna simu mbili. Ni zile ndogo. Sikusubiri za Nairobi. Barua yako ilinifikia mkesha wa mwaka mpya, na jana niliondoka kwenda Mwanza bila ruhusa ya mkubwa wangu. Mzee wa duka alifungua duka lake kwa kunihurumia.

Kibali nimepata cha muda, kimo ndani ya bahasha, kiwe kwenye boti daima. Betri za mawe nimekusanya Shinyanga nzima, nyingine nimezitoa kwenye redio yangu ya nyumbani. Msizitumie kwa tochi.

Sikiliza vizuri. Unabonyeza, unangoja kidogo, unasema, halafu unaachia. Ukiachia ndipo unasikia. Ukizungumza na zahanati tumia mkondo wa sita. Ukiwa hatarini, nenda wa kumi na sita, taja jina la boti, mahali ulipo na idadi ya watu, halafu rudia, rudia, hata kama hakuna anayejibu. Usiongee ukiwa umekaa. Simama, inua simu juu. Kila hatua ya kimo ni kama wati nyingine. Mfuko usifunguliwe majini kwa sababu yoyote. Waya wa zahanati upande mpaka juu kabisa ya kengele.

Melania nimemwandikia mistari miwili kwamba nimechoka kubishana naye. Siri yako iko kwangu. Lakini kama neno lako lina uzito kwake, mwondoe hapo kabla ya Machi.

Shemeji yako,
Telesphori


Bugalwa, 27 Januari 1985

Kaka mpenzi,

Shikamoo, shikamoo tena.

Inafanya kazi. Padre mwenyewe alipanda kwenye kengele na waya kiunoni, kanzu ameifunga, waumini wanamwombea kwa sauti. Gelasius akaenda hadi Kisenye. Tulikaa zahanati sote, Bartholomeo ameshika chombo kama ameshika yai. Kikakoroma. Halafu sauti ya mume wangu ikatoka, nyembamba, kama iko ndani ya mtungi: Melania, nimefika, kuna jua huku. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Tangu hapo tumeshaleta wanawake watatu na mzee mmoja wa ngiri. Wote wazima. Nikisikia mashine inawashwa sasa naendelea na kazi.

Najua Gelasius alikuandikia. Hajui kuficha, alianza kunibebea ndoo siku ileile. Sikukasirika. Ni kweli kaka. Nina mtoto tumboni na anacheza sana, kuliko wale wawili. Nimeogopa kukuandikia neno hili na sasa nimeliandika.

Mwanzo wa Machi nakwenda Mwanza. Muuguzi wa kunishikia ameshapangwa, safari hii nimeona jina lake kwa macho yangu. Njoo unione kwa masista. Niletee karanga za kwenu.

Melania wako


Mwanza, 24 Februari 1985

Kwako shemeji,

Naandika nikiwa nje ya wodi. Melania yuko hai. Nimeanza na hilo ili upumue.

Uchungu ulimshika mapema, Jumatano asubuhi, kabla hajafunga hata sanduku. Maji ya uzazi yakamwagika. Alijipima mwenyewe, akaniambia, twende sasa hivi. Ziwa lilikuwa tulivu, shemeji, nakuapia. Nisingetoka kama lisingekuwa tulivu. Tulikuwa mimi, yeye, na mama mmoja jirani, Coletha, wa kumshika.

Tulipovuka rasi upepo ukaja kutoka kusini magharibi, na wingu jeusi. Nikakaza mashine ili tuupite. Wimbi la kwanza likaingia. La pili likaifunika mashine, ikazima, haikuwaka tena. Nikachukua kasia. Coletha anachota maji, maji yanaingia kuliko anavyochota, yakafika magotini. Simu ilielea ndani ya boti kati ya miguu yetu, nikaiokota.

Nilisimama kama ulivyoniambia. Niliita zahanati, Bartholomeo akanisikia, nikamsikia analia. Hana boti nyingine, na mitumbwi isingeweza kutoka kwenye mawimbi yale. Nikaenda kumi na sita. Nilitaja jina la boti na watu watatu, nikarudia, nikarudia. Hakuna kitu. Sauti za mbali zinazungumza mambo yao. Mara nikasikia mtu anasema, nani huyo, rudia, unakatika. Nikarudia. Akasema tena, unakatika. Melania wakati huo alikuwa ameshika mbavu za boti, akasema, Gelasius, waambie wanne.

Mtoto alizaliwa pale. Alikuja kwa sababu alikuwa mdogo, hakukomaa, ndiyo maana alipita. Wa kiume. Alilia, shemeji. Sauti yake nilikuwa nimeibonyezea kitufe bila kujua, na yule mtu wa meli akasema, nasikia mtoto, nawatafuta, endelea kuongea.

Nikaendelea kuongea. Meli ya mizigo ilikuwa inatoka Bukoba, ikageuza. Lakini kabla haijatufikia niliona mtoto amebadilika rangi. Coletha alikuwa amemweka kifuani kwake ndani ya gauni. Nilichota maji ya ziwa kwa kiganja nikambatiza. Nimemwita Herman. Alifumbua macho kidogo kwa sababu ya ubaridi wa maji. Baadaye hakuyafumbua tena.

Walitupandisha kwa nyavu za mizigo. Melania alikuwa anavuja damu sana. Hapa hospitali walimfanyia upasuaji usiku huohuo. Wamelazimika kutoa kizazi. Daktari ameniambia mimi, na mimi sijamwambia, lakini yeye ni mkunga, amejishika tumbo na amejua.

Herman tumemzika kwa masista. Sikungoja ufike, nisamehe.

Gelasius


Ibadakuli, 10 Machi 1985

Melania, mdogo wangu,

Nilikuja, ulikuwa umelala umeelekea ukutani, nikakaa hadi treni ya jioni. Sista aliniambia ulikuwa macho. Si kitu.

Naandika kwa sababu sipati usingizi. Yule mtu wa meli alisema, unakatika. Kama ningechukua ile kubwa, yenye wati tano, angewasikia mara ya kwanza. Nimekokotoa umbali, nimechora ramani, nimeweka meli hapa na boti pale. Mwulize Gelasius, ni muda gani ulipita kati ya wito wa kwanza na meli kujibu? Alikuwa amesimama? Waya wa simu ulikuwa umenyooka? Au kama ningeinunua hii mwezi Novemba uliponiambia, mngeizoea, labda mngejua mahali inaposhika vizuri na mahali isiposhika.

Nijibu, hata kwa kunitukana.

Telesphori


Ibadakuli, 19 Mei 1985

Melania,

Hii ni barua ya tatu. Padre Kamili ameniandikia kwamba umerudi kazini, kwamba unazalisha kama zamani, na kwamba hupendi kuulizwa hali. Siulizi. Nimekutumia betri kwa mkono wa Makoye, amerudi kutoka machimboni bila dhahabu na anakwenda tena. Karanga pia zimo. Mama Anisia amezikaanga mwenyewe.

Kaka yako


Bugalwa, 23 Agosti 1985

Kaka Telesphori,

Shikamoo.

Barua zako zote nimezipata. Nilikuwa nazisoma na kuzirudisha kwenye bahasha. Karanga nilikula, zote, peke yangu, kwa mkao mmoja, na hilo lilikuwa jambo la kwanza nililolitamani tangu Februari.

Umeuliza kama ile kubwa ingesikika mapema. Inawezekana. Inawezekana pia ingekufa maji yalipofika magotini, na hapo ningekufa na mimi, na Gelasius na Coletha. Nimezungushana na swali hilo usiku na mchana na sijafika mwisho wake, na wewe hutafika. Gelasius nilimuuliza mara moja muda uliopita kati ya wito na jibu. Alitoka nje akaenda kupasua kuni. Sijamuuliza tena. Nawe usimuulize. Ile ramani yako ichome.

Nikuambie ukweli wangu. Tangu nirudi sikugusa kile chombo. Kilikaa ukutani, Bartholomeo ndiye mwenyeji wake. Kikianza kukoroma mimi natoka, nakwenda kuhesabu sindano stoo. Kila sauti iliyotoka mle kwangu ilikuwa ya yule mtu wa meli. Gelasius akiwa ziwani alikuwa anaita jina langu na Bartholomeo anajibu. Baadaye akaacha kuita jina langu.

Jumatatu Bartholomeo aliamka na homa kali, nikamlaza. Gelasius alikuwa amekwenda Kisenye kumchukua mama mmoja, Scolastika, wa uzazi wa nne. Upepo ukaja. Nilikuwa nafua mashuka. Chombo kikakoroma, nikaendelea kufua. Kikakoroma. Nikasikia anasema, Bartholomeo, njoo, siwezi kuondoka kisiwani, mawimbi makubwa, na mtoto ametanguliza miguu. Anasema na kurudia, kama alivyofundishwa.

Kaka, nilisimama na povu mikononi. Nikakiondoa ukutani nikabonyeza. Nikasema, ni mimi.

Nikaachia kitufe. Nikadhani betri imekwisha. Halafu akasema, Melania. Basi, hivyo tu. Nikamwambia, sogeza simu kwa anayemshika mgonjwa.

Anayemshika alikuwa bibi mmoja wa pale, anaitwa Tereza, mkunga wa kienyeji. Tulikuwa hatupatani, nilishawahi kumkemea mbele ya watu kwa ajili ya dawa zake. Kwenye simu hakuweza kukumbuka kuachia kitufe, kwa hiyo Gelasius alikuwa anambonyezea na kumwachilia. Nilimwambia, bibi, usimvute mtoto. Mikono yako iweke magotini. Mwache ashuke kwa uzito wake mwenyewe. Akasema, mayu, mama, miguu imetoka, ya bluu. Nikasema, iache iwe ya bluu, mfunike kwa kitambaa kikavu, ngoja. Nilikuwa nimefumba macho. Nilikuwa naona kila kitu, kaka, kuliko nikiwa hapo hapo. Akasema mikono imetoka. Nikasema, sasa unaona nywele za kisogoni? Akasema bado. Ngoja. Akasema, naziona. Nikasema, sasa shika miguu, mwinue taratibu kuelekea tumbo la mama yake, kama unakunja mkeka.

Sauti ya upepo wa kisiwani ndani ya chombo. Nikabonyeza nikaita, nikaachia, hakuna. Nikabonyeza. Na mara kikalia kitoto, na nikasikia wanawake wengi kwa pamoja, na mume wangu analia kama mtu anayekohoa.

Tulimaliza kondo la nyuma, likatoka zima. Nikamwambia bibi amkande tumbo mpaka liwe gumu kama ngumi. Mama mzima. Mtoto wa kike, mkubwa, ana hasira.

Upepo haukukata hadi alasiri, wakawa hawawezi kurudi, na bibi Tereza akaendelea kunipigia soga. Nilipaswa kumwambia tunaokoa betri. Sikumwambia. Alinisifu, akanitania kuhusu yale makemeo yangu. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama wanawake wanavyoulizana kisimani, mwanangu, na wewe una watoto wangapi?

Unajua mkondo ule husikilizwa na yeyote. Gelasius ndiye aliyeshika kitufe upande ule. Sijui nani mwingine alikuwa anasikiliza, labda boti za wavuvi wenye bahati kama sisi, labda meli. Maji ya sabuni yalikuwa yamekauka mikononi mwangu. Gelasius aliachia kitufe bila kusema kitu cha kuniokoa. Alingoja.

Nikabonyeza nikasema, mmoja, bibi. Wa kiume. Anaitwa Herman.

Mdogo wako,
Melania